Sura ya Saba: Herufi Zenye Macho

Lori lilikuwa limeegeshwa nyuma ya kituo, kati ya pikipiki zilizoshikwa na rundo la mabati ambalo kesi yake ilishasahaulika. Inspekta Akoth alilizunguka, akarudi alikoanzia, akalizunguka tena. Konstebo Nashon, aliyemwendesha kutoka Kajiado, alikuwa amechoka kusubiri na alikuwa akitafuta kivuli cha kujibanza. Mwaka huo wa 2004 jua la Kitengela lilikuwa halina adabu. Mvua ilikuwa imekataa, mabomba yalikuwa yakikohoa hewa tu, na mwenye lori la maji ndiye aliyekuwa akisalimiwa kwanza mjini.

"Afande, unatafuta nini?" Nashon akauliza.

"Sijui bado. Ndiyo maana natafuta."

Malori mengine ya maji mjini yaliandikwa kwa herufi kubwa zilizosimama wima, kama askari kwenye gwaride. Hili lilikuwa na mtindo wake. Ubavuni mwa tanki jeupe, pande zote mbili, palibandikwa maneno "Maji safi" kwa herufi nene za buluu zisizo na kona hata moja. Kila ncha ilikuwa mviringo kama ncha ya kidole, na zile a mbili zilikuwa zimevimba kama maandazi yaliyokolea hamira. Zilikuwa herufi za pakiti ya peremende, si za gari zito. Hata hapo zilipofunikwa na vumbi la wiki nzima, zilionekana kama zinataka kucheka.

Akoth alisogeza uso karibu na upande wa kushoto. Vumbi lilikuwa limetanda kote, ila chini yake herufi moja, ile s, ilikuwa ya buluu iliyokolea kuliko wenzake. Wenzake walikuwa wamepauka. Akaitazama kwa muda, kisha akaenda zake bila kuigusa.

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi mno, na hilo ndilo lililomsumbua. Ijumaa, wakati wa chakula cha mchana, lori lilimimina maji katika tanki la Chekechea ya Kifaranga, mtaa wa Noonkopir. Kufikia usiku watoto wa watu walikuwa wakitapika na kuharisha. Wengi walishapona, mmoja, msichana aitwaye Ndunge, alikuwa bado amelazwa Kajiado. Bwana afya alipima maji ya tanki la shule akakuta uchafu wa choo. Mlinzi wa shule, mwalimu mkuu na mama muuza ndizi wa kando ya geti waliulizwa lori lilikuwa la nani, na wote wakajibu kwa kinywa kimoja: la Sharmarke. Walijuaje? Kwa herufi zake. Hakuna aliyesoma namba ya gari.

Kesho yake asubuhi Sharmarke angepandishwa kizimbani Kajiado. Faili lilikuwa nene, lakini unene wenyewe ulikuwa jambo moja lililosemwa na watu wengi.

Walimtoa mahabusu wakamketisha mbele ya Akoth. Alikuwa mzee mrefu, mwembamba, ndevu zake zimekolea hina, na alikaa wima kama mtu aliyekaribishwa sebuleni.

"Mzee Sharmarke, Ijumaa mchana gari ilikuwa wapi?"

"Nje ya msikiti. Ijumaa saa hiyo mimi sifanyi kazi. Hata mbuzi za Kitengela zinajua."

"Ufunguo nani alikuwa nayo?"

"Abdiladif. Dereva yangu. Lakini tuliingia na yeye kuswali."

"Mlitoka na yeye?"

"Afande, mtu akiswali haangalii nyuma."

"Sasa yeye yuko wapi?"

"Tangu Jumamosi sijamwona. Mjomba wake anauza mbuzi Kiserian. Labda ameenda huko."

Dereva mwenye ufunguo, aliyetoweka siku gari liliposhikwa. Nashon, aliyekuwa mlangoni, alimtazama Akoth kwa jicho la kusema si unaona. Akoth akaandika jina la Kiserian, akauliza la mwisho.

"Ile s ya upande wa kushoto, kwa nini ni mpya?"

"Mpya?" Sharmarke alishangaa kweli, si mshangao wa kuigiza. "Mimi naona zote sawa tu."

Alipoinuka kurudishwa ndani, mzee alishika mgongo wa kiti. "Mimi nikienda kotini, sawa. Mungu ako. Lakini msichana wangu, Naimo, anasoma hapo hapo Kifaranga. Mwalimu amesema akae nyumbani kwanza. Watoto wanamwambia baba yake ni sumu." Akatazama pembeni. "Huyo hajakosea mtu."

Akoth hakuwa mtu wa kutoa pole kabla ya kuwa na ushahidi mkononi. Alimwitikia kwa kichwa tu, lakini maneno yale alitoka nayo.

Katee, mlinzi wa Kifaranga, aliwapokea getini na fimbo yake kwapani. Alikuwa mzee wa Kikamba mwenye koti la jeshi ambalo huenda lilikuwa na umri mkubwa kuliko Nashon.

"Namba ya nini?" aliuliza, kama aliyetukanwa. "Mimi najua gari. Si ni ile ya maandishi ya kuviringana? Mimi sijasoma, lakini hiyo naijua hata nikilala."

"Wewe ndiye uliunganisha mpira kwa tanki?"

"Kama kawaida. Dereva hashukangi."

"Na hukusikia harufu?"

Katee akacheka, akachomoa kikopo cha ugoro mfukoni, akakigonga kwa ukucha. "Hii pua ilikufa kitambo, mama. Unaweza zika ng'ombe hapa nisijue."

"Dereva alikuwa nani?"

"Yule kijana wa Sharmarke. Alikuwa na kofia, na kioo ilikuwa juu."

"Mliongea nini?"

Fimbo ya mzee ikahama kutoka kwapa hili kwenda lile. "Hatukuongea. Na huyo kijana ako na mdomo! Kila siku lazima anichokoze, 'Mzee, kwani bado uko hai?' Hiyo siku alipunga mkono tu."

Nashon alisubiri wafike garini. "Alinyamaza kwa sababu alijua amebeba nini, afande."

"Inawezekana," Akoth akasema. "Au alinyamaza kwa sababu Katee angejua sauti si yake. Tupite hospitali kwanza."

"Kuuliza nani? Mtoto?"

"Watu wazima wote nimeshawauliza, na wote wamesoma kutoka ubao mmoja."

Wodini, Mwalimu Syokau alikuwa ameketi kando ya kitanda akimenya chungwa. Yeye ndiye mwenye Kifaranga na mwalimu wake mkuu, na Ndunge alikuwa mtoto wa binti yake. Alipomwona Akoth alikiweka kisu chini kwa kishindo.

"Afande, umekuja kuniuliza nini tena? Mimi mwenyewe niliona kwa dirisha ya darasa. Hayo maandishi si ndiyo nafundishia? Kila gari ikikuja, nawaambia, watoto, nionyesheni a. Hakuna kitabu iko na a mzuri kama hiyo, mviringo na fimbo yake kando. Wanashika haraka. Na kumbe ndiyo ilikuwa inaniletea kifo nyumbani."

"Susu," mtoto akamwita bibi yake kutoka kitandani, "gari ilikuwa imelala."

"Kunywa maji, mama." Syokau akamgeukia Akoth. "Anaongea hivyo tangu alazwe. Ni homa."

Akoth alivuta kiti kidogo, akakaa mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto. Ndunge alikuwa amekonda, macho yamekuwa makubwa kuliko uso, na mkononi alikuwa na plasta palipoingia sindano ya maji.

"Gari hulala namna gani, Ndunge?"

"Haikuwa na macho."

"Taa za mbele?"

"Hapana!" Mtoto alimwonea huruma kwa ujinga wake. "Macho ya a." Kwa kidole chake akachora duara juu ya shuka, akatia nukta mbili ndani, na chini yake mdomo unaocheka. "Naimo aliweka. Hii moja, na hii ingine. Sisi huzisalimia tukishika ua ya shule. Hiyo siku tulizisalimia, hazikuwa na macho. Nikasema zimelala."

Syokau akaliweka chungwa kando. "Mimi sijawahi ona macho yoyote."

"Wewe huwa dirishani, mwalimu," Akoth akasema. "Wao huwa nje, wameshikilia ua wa shule, karibu na gari."

Alitoka kwenye korido, akapiga simu kituoni, akaagiza askari wa zamu aende kwenye lori na kitambaa chenye maji. Asiguse kitu kingine, afute ndani ya zile a tu. Alisubiri simu ikiwa sikioni, akisikia buti zikikwaruza changarawe, kisha mlio wa kitambaa kwenye bati.

"Afande," sauti ikarudi, imechanganyikiwa. "Kuna kitu hapa. Nyekundu. Ni kama... ni kama uso. Inacheka."

"Ngapi?"

"Kila a iko na yake. Hata upande ile ingine."

"Jaribu kufuta."

"Haitoki. Ni ile rangi ya kina mama ya kucha. Na imepasukapasuka, ni ya kitambo."

Akoth akamshukuru, akaifunga simu. Nashon alikuwa ameegemea ukuta na mikono kifuani.

"Angeweza kuzichora baada ya Ijumaa," akasema, lakini bila nguvu.

"Gari tulilichukua Jumamosi alfajiri. Rangi mpya haipasuki kwa usiku mmoja, wala mtu aliyetoka kuwanywesha watoto mavi hakai kuchorea gari lake nyuso zinazocheka." Akoth alishuka ngazi mbili mbili; Nashon ilibidi akimbie. "Lililokwenda shule si lori la Sharmarke. Ni lori lililovaa shati lake. Twende kwa fundi aliyelishona."

Duka la Wanjira lilikuwa kwenye barabara ya Namanga, katikati ya kinyozi na bucha. Ndani mlikuwa na kompyuta, mashine ya kukata stika iliyolia kama cherehani, na kuta zilizojaa mifano ya kazi. Wanjira alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa uzi. Alipoambiwa "Maji safi" alitabasamu kabla hajaulizwa lolote.

"Hiyo naikumbuka vizuri. Mzee alikuja na kasichana kake. Nikamwonyesha fonti za gari, zile za kusimama. Kasichana kakakataa zote. Kalikuwa hata hakajui kusoma. Nikafungua hii," akabofya, na herufi zile nene zikajaa kwenye kioo, "kakapiga makofi. Kakasema, 'Baba, hizi zimeshiba.'"

"Na mzee?"

"Alikataa kwanza. Akasema watu watamcheka, maji si biskuti. Kasichana kakamwambia, maji si ni ya kukunywa na watoto pia? Hapo akashindwa."

"Watu wengine huitumia kwa nini?"

"Birthday. Chekechea. Saluni ya watoto. Mtu wa maziwa lala, yale ya mgando, kule Isinya. Haina kona, si unaona? Haitishi mtu. Mtu akiona hii, moyo unalegea kabla hajasoma." Wanjira akashusha miwani. "Siku moja mtu alitaka nimwandikie nayo tangazo la kifo, ati ameipenda. Nilikataa. Nilimwambia marehemu ataonekana ni kama anacheka wanaomlilia."

Akoth alizitazama zile herufi kwenye kioo. Moyo unalegea kabla hajasoma. Katika faili lile nene lote hapakuwa na sentensi iliyoeleza kesi vizuri kuliko hiyo.

"Ulizikata tena? Baada ya zile za kwanza?"

"Eeh, mwezi uliopita. Yule dereva wao, Abdiladif, alikuja akasema herufi moja imeraruka. Mimi huwa nakata jina lote kwa pamoja, kipande hakilipi. Nikamwambia, shika zote, zingine ziwe spea." Akaona uso wa Akoth, akaingiwa na wasiwasi. "Ama nilikosea? Jina la mzee lilikuwa kwa kompyuta, na kijana namjua."

"Hujakosea. Mtu akitaka kuzibandua, zinatoka?"

"Stika zinatoka. Gundi ndiyo haitoki, mpaka upanguse na petroli. Watu hawasikii. Wananunua duka la mtu, wanabandua jina lake, wanaosha na sabuni, wanabandika lao. Vumbi likikuja linaandika la mwenyewe tena."

Abdiladif walimpata Kiserian alasiri, mnadani, akiwa amejificha kwa namna ambayo ni kijana pekee angeidhania kuwa ni maficho: amesimama katikati ya mbuzi wa mjomba wake, kofia imeshushwa hadi puani. Alipoona gari la serikali hakukimbia. Alikaa chini.

"Walahi, afande, mimi sijapea mtoto sumu."

"Ijumaa ulikuwa wapi?"

"Msikitini! Uliza imamu, nilikuwa nyuma yake. Ufunguo ilikuwa kwa mfuko."

"Mbona ulitoroka?"

Kijana akachora mchangani kwa kijiti. Akoth hakumharakisha. Mbuzi mmoja alianza kutafuna kamba ya kiatu cha Nashon.

"Mwezi ingine nilikuwa narudisha gari nyuma, nikakwaruza geti ya watu. S ikararuka. Mzee akijua, mimi sina kazi. Hiyo maandishi anaipenda kuliko injini. Nikaenda kwa Wanjira, nikabandika s mpya usiku, yeye hakujua. Sasa nikisikia polisi wanaongea mambo ya maandishi, nikajua zangu zimeisha."

"Zile zingine zilienda wapi?"

"Zilikuwa chini ya kiti. Kuna jamaa tunakula naye miraa, Wathome, yule wa kunyonya vyoo. Akaziona. Akasema, buda, hizi ni poa, nipee nikabandike Maji kwa mlango ya bafu ya watoto wangu." Akainua macho. "Afande, si hizo herufi ni za watoto? Ata wewe ungempea."

"Ndiyo," Akoth akasema, na hakuwa akimdhihaki. "Hata mimi ningempa. Panda gari."

Jua lilikuwa limeanza kupoa walipoingia kwa Wathome, nje kidogo ya Noonkopir. Lori lake lilikuwa uani, tanki lake jeupe linameremeta, limeoshwa mpaka likawa kama sufuria ya mgeni. Mwenyewe alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mikono ya shati imekunjwa. Aliagiza soda kabla hawajasema shida yao.

"Madam, kazi yangu unaijua. Mimi ni mtu wa choo. Watu wananiita wakiwa na shida, wakimaliza hata salamu hawanipi."

"Na mwezi huu wa ukame kazi ikoje?"

"Choo haijui ukame."

"Maji ndiyo inajua." Akoth aliionja soda, akaiweka. "Tanki ulipaka nyeupe lini?"

"Juzi juzi tu. Ni usafi."

"Wewe na Katee wa Kifaranga mnajuana?"

"Huyo ni mzee wa kwetu. Tunaongeanga Kikamba mpaka tunachoka."

"Ndiyo sababu ulipunga mkono tu."

Tabasamu la Wathome halikuondoka, lakini lilibaki peke yake. Macho hayakuwa nalo tena. "Sijakuelewa, madam."

"Abdiladif anasema alikupa herufi za mlango wa bafu ya watoto. Naweza kuiona hiyo bafu?"

"Watoto wako ushago. Kwa nyanya yao."

"Kwa hivyo mlango nao uko ushago?"

Wathome akacheka, akapiga paja. "Sasa madam, hata kama nilichukua stika, stika ni kosa? Nilitupa. Angalia gari yangu. Zunguka yote. Nani amewahi kununua maji kwa gari ya kunyonya choo?"

"Hakuna," Akoth akasema.

Aliinuka, akaenda hadi kwenye lori. Ubavu wa kushoto ulikuwa mweupe tupu, hauna alama. Alipitisha kiganja juu yake taratibu, kama anayempapasa ng'ombe aliye na mashaka naye. Mahali fulani kiganja kilinata. Akainama, akachota vumbi laini la Kitengela kwa mikono miwili, akalirusha.

Vumbi lilipiga bati, jingi likaanguka. Lililobaki lilishika palipokuwa na gundi. Kwanza ikatokea M, nono, isiyo na kona. Kisha a, imevimba kama andazi. Nashon alichota naye, akarusha, na kabla hajajua anachofanya alikuwa akisoma kwa sauti kama mtoto wa chekechea.

"Ma... ji..." Akasita. "Hapa hakuna kitu. Halafu, a, f, i."

Katikati ya i na a palikuwa na pengo jeupe. Akoth akalisogelea, akanusa. Petroli.

"Hapa ulichora s kwa brashi, kisha ukaipangusa," akasema bila kugeuka. "Rangi ulijua inatoka kwa petroli. Stika ukaziosha kwa sabuni. Ulichora kwa sababu katika zile alizokupa, s haikuwamo. S iko kituoni, imebandikwa kwenye gari la Sharmarke, na ni mpya kuliko wenzake. Nilikuwa nashangaa tangu asubuhi pacha wake wako wapi."

Abdiladif, aliyekuwa amesimama karibu na geti, alijishika kichwa kwa mikono yote miwili.

Wathome alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Uchangamfu wote ulikuwa umemtoka, akabaki mtu mnene aliyechoka. "Niliosha tanki, madam. Na dawa. Niliosha mpaka mikono ikababuka. Nilidhani imetoka. Kila mtu anauza maji, anajenga. Mimi niko na gari, niko na pampu, lakini nikiandika jina langu nani atakunywa? Hiyo yake, watu wanakimbilia na ndoo hata hawaulizi. Ijumaa saa ya msikiti najua yeye hatembei. Ilikuwa ni siku hiyo moja tu. Mimi sikutaka mtoto agonjeke."

"Na mzee wa watu alipofungiwa ndani, ulitaka nini?"

Akoth alikuwa ametuliza sauti siku nzima, na sasa aliona hasira inampanda mpaka masikioni. Ilimbidi apanguse vumbi mikononi polepole ili asiseme la kumvunjia hadhi. Kisha akamwambia Nashon afanye kazi yake. Kabla vumbi halijadondoka yeye mwenyewe alipiga picha ubavu wa lori kutoka kila upande. Katika picha zote zile a mbili zilikuwa duara tupu, vipofu.

Sharmarke aliachiliwa jioni hiyo. Hakuuliza habari za fidia wala hakumtukana mtu. Alikuwa ameshasimuliwa kisa chote; alilizunguka lori lake, akamtazama Abdiladif, akaitazama s.

"Geti ya nani?" akauliza.

"Ya daktari, mzee," kijana akanong'ona.

"Kesho utaenda kuipaka rangi." Kisha akamgeukia Akoth. "Hizi herufi nazitoa. Nitaandika kama wale wengine. Hii kila mtu anaijua, na kila mtu anaweza kuiba."

"Ni gari lako, mzee," Akoth akasema. "Lakini kwanza peleka maji Kifaranga. Tanki lao bwana afya amelisafisha, liko tupu. Mwalimu mwenyewe amenipigia. Anasema uje na Naimo."

Siku lori lilipokwenda, Akoth alisema ana shahidi wa kuandikisha pale shuleni. Nashon alijua shahidi huyo alishaandikishwa, lakini akaegesha gari ng'ambo ya barabara.

Katee alifungua geti. Safari hii alisimama mbele ya mlango wa dereva mpaka kioo kikashushwa, na mpaka Abdiladif akamwuliza kama bado yuko hai. Naimo aliteremka na sare yake, akabaki ameshika mlango wa lori. Mwalimu Syokau alikwenda akamshika mkono. Alisema kitu ambacho kutoka ng'ambo hakikusikika, ila alikisema ameinama, na alikisema kwa muda mrefu.

Watoto walikuwa wamejipanga nyuma ya ua, kila mmoja na kikombe cha plastiki. Zamani wangekuwa wanapiga kelele tayari. Sasa walikuwa kimya. Maji yalianza kuingia kwenye tanki, Katee akafungua mfereji ili wayaone, yakatoka meupe, yanang'aa, na hakuna aliyesogea.

"Njooni," Syokau akawaambia. "Ni mazuri. Mimi nimekunywa."

Hakuna aliyesogea. Sharmarke aliinamisha kichwa, akaanza kukunja mpira wa maji ingawa tanki lilikuwa halijajaa.

Ndipo Ndunge akatoka kwenye mstari, miguu yake bado myembamba, plasta bado iko mkononi. Hakwenda kwenye mfereji. Alikwenda kwenye lori, akajinyoosha kwa ncha za vidole, akaitazama a ya kwanza. Akatembea mpaka kwenye ya pili, akaitazama hiyo nayo, kwa makini, kama afisa anayekagua leseni.

"Zimeamka," akawaambia wenzake.

Akamgeukia Naimo, akamnyooshea kikombe.

"Niwekee."